Zima spika kwanza

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi na mama Old Moshi. Ana miaka 63. Baba alifariki Machi, tukamzika hapa nyumbani, kihambani. Tangu hapo mama amekuwa mtu wa kukaa kimya. Kaka zangu walioko Dar walisikia kwamba nyimbo za furaha zinamchangamsha mtu mwenye huzuni, wakatuma spika kubwa na flashi yenye nyimbo mia mbili, zote za kuchangamka. Naziwasha asubuhi. Siku za kwanza mama aliniomba nizime. Siku hizi haombi, anachukua panga anaingia kwenye migomba mpaka nizime mwenyewe. Lakini wiki iliyopita nilimkuta anaosha vyombo huku anaimba chinichini, mdomo umefungwa. Wimbo wenyewe sikuutambua, na mimi nilidhani nazijua nyimbo zake zote, maana ameimba kwaya ya akina mama ya usharika miaka mingi, sauti ya pili. Aliponiona akanyamaza. Je, ni kweli nyimbo za furaha zinachangamsha? Na kama ni kweli, mbona kwa mama zinafanya kinyume?

Jibu: Marahaba binti yangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale uliposema habari ya vyombo. Nitafika huko. Kwanza zima spika.

Kaka zako hawakudanganywa. Nyimbo za furaha zinachangamsha kweli. Nimefundisha muziki miaka 26, Arusha na hapa Moshi, na nimeona watu wakiingia mazoezini wamenuna, ada za watoto zimewabana, kahawa haijalipwa, wakatoka wanacheka na kusukumana mlangoni kama wanafunzi. Walichokosea kaka zako ni kudhani wimbo ni kidonge: unameza, unasubiri nusu saa, maumivu yanaondoka, awe ni nani na awe na hali gani. Ngoja nikueleze wimbo unavyofanya kazi, halafu utaona mwenyewe kwa nini mama anakimbilia migombani.

Chukua saa. Weka wimbo wowote ambao watu huinuka wenyewe kuucheza, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Mara nyingi utapata kati ya 110 na 130 kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Hatua za mtu anayeteremka haraka kuwahi gari Kiboriloni zinakaribia 120. Kwa hiyo wimbo wa kuchangamka una mwendo wa mtu mwenye safari, na mwili ukiusikia unataka kufuata. Mguu unagonga sakafu kabla hujaamua. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa Wamafa, milimani kaskazini mwa Kameruni. Waliwasikilizisha muziki wa piano wa Kizungu watu ambao hawakuwahi kuusikia maishani, wakawaonesha picha za nyuso, wakawaomba wachague uso unaofanana na muziki. Wamafa walitofautisha wa furaha, wa huzuni na wa kutisha, kwa kiwango ambacho kubahatisha hakuwezi kukifikia, na mwendo wa muziki ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyowaongoza. Mtu hahitaji kufundishwa kusikia furaha ndani ya wimbo.

Sasa mfikirie mama. Anaisikia furaha ile vizuri kabisa, na hapo ndipo panapouma. Mwili wa mfiwa unakwenda taratibu: anaamka taratibu, anakula taratibu, kikombe cha chai kinapoa mkononi. Spika inamshika mkono inataka akimbie, naye goti bovu.

Hili nililijifunza kwa aibu. Nikiwa Arusha niliombwa kuimba na kikundi cha wazee waliofiwa na wenzi wao. Nilifika na gitaa, nikachagua wimbo wenye kasi, nikapiga ubeti mzima huku natabasamu kama mtu wa matangazo. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa Kimeru alikuwa amekaa karibu na dirisha, kofia ameiweka gotini. Akasema bila hasira yoyote: "Mwalimu, umeanza kucheka hata hujatusalimia."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu hata anayekuja mbio kusema ng'ombe wako wameingia kwenye mahindi ya watu anasalimia kwanza. Anauliza za nyumbani, anauliza watoto, ndipo anaileta habari. Mimi nilirukia habari. Nikaliweka gitaa chini, nikaomba radhi, nikauliza nani ana wimbo. Bibi mmoja akaanzisha tenzi ya zamani, ya mwendo wa kukokota, wengine wakadakia. Tuliimba za namna hiyo kwa karibu saa nzima. Ile ya mwisho, sijui nani aliipandisha kasi, ila yule mzee alikuwa anagonga kofia gotini kwa vidole viwili.

Wataalamu wa tiba ya muziki wanalijua jambo hili tangu miaka ya 1940, pale daktari wa akili wa Marekani, Ira Altshuler, alipoeleza kwamba muziki unapaswa kuanza na hali aliyonayo mgonjwa, kisha ubadilike kidogokidogo kuelekea kule unakotaka afike. Aliye chini umfuate chini kwanza. Kusema kweli kwaya zetu zimelifanya hilo muda wote bila daktari. Kumbuka mazishi ya baba yako. Sikuwepo, lakini naweza kukisia: jeneza likishushwa, kwaya iliimba wimbo wa polepole, ule ambao kila neno linavutwa mpaka pumzi iishe. Kwaya yangu hufanya hivyo. Kasi hatuigusi mpaka mashada yamewekwa na watu wameanza kurudi uwanjani, ndipo mtu mmoja anaanzisha pambio, na akina mama waliokuwa wakilia nusu saa iliyopita wanaanza kupiga makofi. Mgeni anaweza kuona ni utovu wa adabu. Lakini pambio lile likiimbwa saa moja mapema, lingekuwa tusi.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu ile flashi. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walipima ubongo wa watu wakisikiliza muziki ambao wao wenyewe waliuchagua, ule unaowasisimua mpaka vinyweleo vinasimama. Walikuta ubongo unatoa dopamini, kemikali ileile inayotoka mtu anapokula chakula kitamu akiwa na njaa. Kilichonivutia mimi ni kwamba ilianza kutoka kabla ya ile sehemu tamu kufika, wakati msikilizaji anaingoja. Raha ya wimbo nusu yake ni kungoja. Mwimbishaji anatupa mstari, wewe unajua kiitikio kinakuja, umeshavuta pumzi, na kinapokuja ni kama mtu aliyekuahidi kitu akakitimiza. Lakini utangojaje kitu usichokijua? Nyimbo mia mbili zilizochaguliwa na vijana wa Dar ni nyumba mia mbili ambazo mama yako hajui mlango uko wapi. Kwake ni kelele, tena kelele za alfajiri, tena asizoweza kuzizima bila kumwomba mtoto wake. Hata mimi ningechukua panga.

Watu pia hudhani furaha ya wimbo iko kwenye maneno. Marehemu Remmy Ongala aliimba kuhusu kifo, kwamba hakina huruma, na gitaa likawa linateleza chini ya maneno hayo kiasi kwamba kumbi zilijaa watu wanaocheza. Walikuwa wanasikia kila neno. Maneno yalisema kweli, gitaa likawabeba wakiwa nayo. Upande mwingine kuna nyimbo ambazo kila mstari ni furaha, raha, tabasamu, na ukizimaliza unajisikia umechoka kama umetoka kwenye mkutano. Sitazitaja, nina wanafunzi wazitungao.

Sasa turudi jikoni.

Unasema alikuwa anaimba mdomo umefungwa, na wimbo hukuutambua. Halafu unasema, kama jambo la kupita tu, kwamba aliimba sauti ya pili. Binti yangu, umewahi kumsikia mtu wa sauti ya pili akiimba peke yake? Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, ile ambayo kila mtu kanisani anaijua. Ya pili inakaa chini yake, inashikilia noti moja wakati ya kwanza inapanda na kushuka, inasogea hatua moja, inarudi. Ukiisikia yenyewe, wimbo unaoujua tangu utotoni unageuka kitu cha ajabu, kama kuta za nyumba zisizo na paa. Huenda nimekosea, lakini nadhani wimbo ule unaujua vizuri sana. Mama alikuwa anaimba sehemu yake, na nafasi ya wenzake ameiacha wazi.

Kama ni hivyo, mama yako hajazikataa nyimbo. Amekataa za kuletewa. Zake ameshaanza kuziimba mwenyewe, kwa sauti yake, mikono ikiwa ndani ya beseni la maji.

Na kuimba kuna nguvu kuliko kusikiliza. Ukiimba unavuta pumzi fupi na kuitoa polepole, mstari mzima, kisha tena. Kutoa pumzi kwa urefu namna ile hupunguza mwendo wa moyo. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionesha kwamba watu wakiimba pamoja wimbo wenye vituo vya pumzi vinavyolingana, mioyo yao huongeza na kupunguza kasi kwa pamoja. Na watafiti wa Oxford, Uingereza, mwaka 2015 walifuatilia madarasa ya watu wazima wasiojuana, mengine ya kuimba, mengine ya kazi za mikono na ya uandishi. Baada ya miezi saba wote walikuwa wamezoeana, lakini waimbaji walizoeana mapema zaidi, tangu mwezi wa kwanza. Mtu yeyote aliyewahi kuhamia usharika mpya akajiunga na kwaya anajua hilo. Mwezi mzima hujui majina yao, lakini unajua nani anachelewa kuingia kwenye kiitikio.

Basi fanya hivi. Siku utakapomsikia tena, usisimame mlangoni. Ingia, chukua kitambaa, kausha vyombo. Usimtazame usoni. Akinyamaza, endelea kukausha, usiseme "mama endelea," maana hapo utakuwa umemgeuza msanii na wewe hadhira, na mfiwa hana nguvu za kutumbuiza mtu. Siku nyingine anza wewe, chinichini, wimbo wa polepole wa kwaya yao, sauti ya kwanza. Ukikosea maneno ni vizuri zaidi. Sijamwona bado mwanakwaya wa zamani anayeweza kuvumilia mtu anayekosea ubeti wa pili. Akikusahihisha, mmeshaanza kuimba.

Usiwe na haraka ya kufika kwenye zile za kuchangamka. Wiki mbili, mwezi, haidhuru. Chukueni muda kwenye zile nzito, kwa sababu ndizo zinazomsalimia. Halafu kuna kazi ambazo zina mwendo wake zenyewe: kufagia uwanja, kupukuchua mahindi, na kahawa yenu ikiiva, kuchuma. Mwili ukiwa tayari unakwenda, wimbo wa kasi kidogo hauukokoti, unauongezea tu. Mimi napenda zaidi kuchuma kahawa kuliko kazi zote kwa jambo hili, kwa sababu kila mtu yuko kwenye mche wake, majani yamewaficha, sauti zinaonekana zinatoka mtini. Mtu analia bila kuonekana, na anaimba bila kuonekana.

Wanakwaya wenzake wako wapi? Nauliza kwa sababu nimeona mara nyingi: wanakuja wote arobaini siku ya mazishi na sare zao, halafu wanamwachia mfiwa "apumzike" mpaka atakaporudi mwenyewe, naye anangoja waje. Wanaheshimiana mpaka wanapoteana. Nenda kwa mwenyekiti wao, mwambie waje wawili tu, watatu wakizidi, siku ya kawaida, si ya ibada maalumu. Waje na ndizi zao wamenye pamoja. Kama mmoja ni wa sauti ya kwanza, na huyo mwingine wa ya pili kama mama, sina cha kuongeza.

Kuhusu nyimbo za ujana wake, hapo uende kwa tahadhari. Nyimbo tulizozisikia kati ya utoto na miaka ya ishirini na kitu ndizo hukaa ndani zaidi kuliko zote, na mama yako alikuwa msichana wakati bendi ya dansi ya Mlimani Park Orchestra inaanzishwa, 1978, redio moja inasikilizwa na nyumba tatu. Zilipendwa zinaweza kumfungua. Zinaweza pia kumrudisha kwenye dansi aliyocheza na baba yako, na wimbo wa namna hiyo ni kama shati la marehemu: ndugu wengine wanataka kulivaa siku hiyohiyo, wengine hawataki kuligusa mwaka mzima. Usichague wewe. Siku mkikaa vizuri mwulize, "Mama, mlikuwa mnacheza nini enzi zenu?" Akikutajia jina, mtafutie huo mmoja, kwa simu, sauti ndogo. Akisema "aa, yamepita hayo," achana nayo.

Kuna jambo moja ambalo sitalifunika kwa muziki. Huzuni ya kufiwa si ugonjwa, na mtu kuwa mkimya miezi minne baada ya kumzika mumewe si ajabu. Lakini kama halali usiku baada ya usiku, hali chakula mpaka nguo zinampwaya, ameacha kuoga au kuitikia salamu za majirani, hakuna kitu hata kimoja kinachomgusa, na hali hiyo inaendelea kila siku kwa wiki mbili na zaidi, huenda ni sonona, na sonona inatibika. Akisema anataka kumfuata baba, hata kwa utani, usingoje wiki. Hapa Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC, mpeleke aonwe na watu wa afya ya akili. Mwaka 2017 mapitio makubwa ya tafiti yalionesha kwamba tiba ya muziki ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida ya sonona, wagonjwa hupata nafuu zaidi kwa kipindi kifupi kuliko kwa matibabu ya kawaida peke yake. Neno la kushika hapo ni "ikiongezwa." Na ilikuwa tiba yenye mtaalamu aliyekaa na mgonjwa, haikuwa flashi. Kwa ulivyonieleza, mtu anayeshika panga, anayeosha vyombo na kuimba, sioni dalili hizo. Lakini wewe ndiye unayelala chumba cha pili.

Kaka zako uwaambie kwa upole, maana walituma kwa mapenzi na spika zile si bei rahisi. Waambie mama anashukuru. Waombe badala yake kila mmoja apige simu jioni na amwimbie beti mbili za wimbo wowote wa Sunday school aliowafundisha yeye mwenyewe, hata kama sauti zao ni za vyura. Nadhani watakataa, wanaume wa mjini wanaona aibu kuimba kwenye simu. Mmoja akikubali, inatosha.

Spika yenyewe usiirudishe. Ifunike na kitenge, iweke juu ya kabati. Desemba watapanda wote huko, na wake zao na watoto, nyumba itajaa. Itakuwa Krismasi ya kwanza bila baba, kwa hiyo hata siku hiyo msiiwashe mpaka mama aseme. Watoto watakuwa wanaiulizia tangu asubuhi, waambieni wamwombe bibi.

Na ukishaugundua ule wimbo wa jikoni ulikuwa upi, niandikie. Nina makabati mawili ya nota za kwaya, nitakutafutia sauti ya kwanza.